Mwenzetu alifia kazini, tumkumbukeje?

ZamuYaUsiku
Wakuu habari zenu, naombeni mawazo. Mwaka jana tulimpoteza mwenzetu wa zimamoto, alirudi ndani kumtafuta mama mmoja baada ya watu kusema kabaki chumbani, dari ikamshukia. Kumbe yule mama alishatokea mlango wa nyuma, hakuna aliyejua. Mwezi ujao anatimiza mwaka na kikosini tumegawanyika, wengine wanataka bamba la jina ukutani, wengine wanasema hela tulizochanga apewe mjane, mi hata sielewi nisimame wapi. Buti zake mpaka leo ziko palepale kwenye rafu, suruali imekunjwa juu yake vile tunavyoacha ili king'ora kikilia unatumbukiza miguu tu unatoka, hakuna mwenye roho ya kuzitoa. Nyie mngefanyaje?

MamaWawili
Pole sana kaka. Mimi mume wangu alikuwa polisi, naye aliondoka kazini. Siku ya maziko kulikuwa na gwaride, risasi hewani, bendera juu ya jeneza, watu hadi nje, wiki ya tatu simu ikanyamaza kabisa. Aliyebaki ni mwenzake mmoja wa zamu, huyo kila siku ya kuzaliwa ya mwanangu anapiga na kumsimulia kitu kimoja cha baba yake ambacho hata mimi sikuwahi kukisikia. Bamba wekeni, ni jambo zuri, ila nendeni kwanza kwa mjane mkamuulize. Na hizo buti msiziguse bila yeye kujua nawaomba, vitu vya mume wangu vililetwa kwenye mfuko mweusi na dereva nisiyemjua, akanipa karatasi nisaini akaondoka.

Mlinzi_wa_Moto
Tarehe 4 Mei ni siku ya wazimamoto duniani, ilianza sababu ya wazimamoto watano wa kujitolea waliokufa Linton, Australia, Desemba 1998, upepo uligeuka ghafla moto ukalizunguka gari lao. Watu wanavaa utepe mwekundu na bluu, yaani moto na maji. Halafu kule New York kwenye kumbukumbu ya shambulio la Septemba 11, 2001, ndege zilipoangusha yale maghorofa mawili, majina ya wazimamoto 343 hayakupangwa kwa alfabeti, kila mtu yuko na kikosi chake aliotoka nao siku ile, hilo lilinigusa kweli. Kwa hiyo bamba msiliweke getini kwa ajili ya wageni, liwekeni pale mnapoitwa majina asubuhi.

Ambulansi7
Naongezea tu, tusiwasahau wanaokufa polepole. Huko huko New York wazimamoto waliokufa miaka ya baadaye kwa magonjwa ya lile vumbi la maghorofa yaliyoanguka wameshazidi wale 343 wa siku yenyewe, na wengi wamefia kitandani bila gwaride. Kama kikosini kwenu yupo aliyeondoka kwa mapafu, na jina lake liingie kwenye bamba hilo hilo.

ZamuYaUsiku
Asanteni jamani, MamaWawili Mungu akutunze. Nimempigia shemeji jioni hii, tumelia wote kwenye simu. Hela zilizopo zinaenda kwake, za bamba tutachanga upya. Kuhusu buti amesema zisitoke, anataka kijana wake mkubwa aje azione zilivyo, halafu azibebe yeye mwenyewe. Wanakuja Jumamosi.