Ushauri: nataka kubadilisha sabufa na amplifaya ya kiwandani kwenye pikapu, wati 500 au 1000?

Besi_Taratibu
Wakuu habari zenu. Naombeni ushauri wa haraka, kichwa kimejaa. Kuna pikapu dabo kebini hapa yenye muziki wa kiwandani: spika za milangoni, amplifaya nyuma ya kiti cha nyuma, na kisabufa chembamba chini ya kiti hicho hicho. Besi yake ni jina tu. Sauti ikiwa chini unaisikia kwa mbali, ukipandisha ndiyo inazidi kujificha. Nataka kuweka sabufa ya maana na amplifaya yake. Nichukue ya wati 500 au 1000? Wenye uzoefu tu tafadhali. Na iwe kabla ya Jumamosi.

Chuma_Chakavu
Kabla ya Jumamosi? Kuna harusi au kuna fumanizi?

Mama_Pacha
Mdogo wangu, mimi wati sizijui. Ninachojua masikio hayauzwi dukani. Kijana wangu wa kwanza alikuwa na gari la namna hiyo. Akija nyumbani tunamsikia kabla hajakata kona, vikombe kabatini vinacheza. Leo ukimwita lazima umguse bega. Hela hiyo nunulia matairi.

Chuma_Chakavu
Mama, hasikii au anajifanya hasikii? Hata mimi nikiitwa kuosha vyombo huwa hivyo hivyo.

FundiKimya
Wati siyo swali la kwanza. Kutoka 500 kwenda 1000 unaongeza desibeli 3 tu (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Sikio litaona tofauti, ila si kubwa kama namba zinavyojitangaza. Ili sauti kwa jumla isikike kama imekuwa mara mbili unahitaji karibu desibeli 10, yaani nguvu mara kumi. Hizo 3 unaweza kuzipata kwa kuchagua sabufa yenye usikivu mzuri, yaani inayotoa sauti kubwa kwa wati chache, na sanduku la ujazo unaoifaa. Halafu namba ya kuangalia ni RMS, yaani nguvu inayotolewa mfululizo, siyo ile ya maandishi makubwa juu ya boksi.

Besi kujificha ukipandisha sauti ni makusudi ya kiwanda. Mifumo mingi hupunguza besi kadiri sauti inavyopanda ili spika zao dhaifu zisipasuke. Kwa hiyo ukichukua sauti kwenye waya za spika ukaipeleka kwenye amplifaya mpya, unapeleka besi iliyokwisha kukatwa, hata uwe na wati 5000. Hapo katikati panahitaji kifaa cha kurudisha kilichokatwa.

Sasa nijibu: sabufa iliyopo ni ya omu ngapi, yaani ukinzani wake wa umeme? Na amplifaya ya kiwandani inapokea sauti kwa waya za kawaida au kidijitali?

Besi_Taratibu
Asante fundi. Omu sijaangalia. Mimi nauliza tu 500 au 1000. Halafu kitu kidogo cha pembeni: injini ikiwaka kuna mvumo, vuuuu, hata redio ikiwa imezimwa. Unaletwa na nini?

Mzee_wa_Fyuzi
Vijana, waya kwanza. Amplifaya ya daraja D ya wati 500 RMS, ikifanya kazi kwa ufanisi wa asilimia 80, ikipigwa mpaka mwisho inavuta kama ampea 45 kwenye volti 13.8. Mtu anasikia hayo, anaenda kununua waya wa alumini uliopakwa shaba kwa sababu kwa nje unang'aa. Alumini inapitisha umeme kama asilimia 60 ya shaba, kwa hiyo unene wa shaba hautoshi kwake. Na fyuzi ikae karibu na betri, isipite sentimita 45 hivi, maana fyuzi hiyo kazi yake ni kulinda waya.

Rafiki yangu aliiweka nyuma kwenye amplifaya, eti iwe rahisi kuibadilisha. Waya ukajisugua pale unapopenya kutoka kwenye injini kuingia ndani, ukagusa bodi. Fyuzi ilibaki nzima kabisa, zulia ndilo lililoungua. Siku hiyo tulikuwa tunakwenda kuvua samaki, moto tuliuzima kwa maji ya chai. Yule bwana mpaka leo akisikia harufu ya plastiki anasimamisha gari, hata kama si lake. Samaki hatukupata.

Mpita_Njia
Mzee, maji na umeme?

Mzee_wa_Fyuzi
Betri tulikuwa tumeshachomoa. Mimi si mtoto.

FundiKimya
Turudi. Besi_Taratibu, umesema inavuma redio ikiwa imezimwa? Kwa kawaida gari ambalo halijaguswa halifanyi hivyo. Umeshabadilisha nini?

Besi_Taratibu
Sabufa tu.

FundiKimya
Sabufa tu?

Besi_Taratibu
Sabufa na amplifaya. Amplifaya ya 1000, sabufa ya inchi 12 yenye koili mbili za omu 4. Nimekata soketi ya kiwandani, zile waya zilizokuwa zinakwenda kwenye sabufa ya zamani nimeziingiza kwenye amplifaya mpya. Lakini nimekata vizuri na nimefunga tepu. Najua kuna waya za kuchomeka tu bila kukata, ila zingechelewa kufika, na mtu mwenye mkono mzuri hazihitaji. Soketi yenyewe haikuwa na kazi tena. Ndiyo maana nauliza: nibaki na hii ya 1000 au niirudishe nichukue ya 500?

Chuma_Chakavu
Kumbe tumeitwa kwenye kikao cha posa na mtoto ameshaanza shule.

FundiKimya
Basi mvumo nimeshaujua. Pikapu nyingi za siku hizi zina mfumo wa kufuta kelele za injini. Kuna mikrofoni ndogo darini zinasikiliza mngurumo, kisha kompyuta inatoa kwenye spika na sabufa wimbi lililo kinyume chake ili viuane. Hesabu zake zilipigwa kwa sabufa ya kiwandani. Wewe umeweka yenye nguvu nyingi zaidi na mwitikio mwingine, kwa hiyo badala ya kufuta inaongeza, na kompyuta ikisikia ongezeko inazidi kukazana. Redio haihusiki, ndiyo maana kuizima hakusaidii. Dawa ni kuchomoa soketi za mikrofoni hizo au kuzima mfumo wenyewe kwa kompyuta ya fundi. Angalia tu usichomoe mikrofoni ya simu.

Koili zako mbili za omu 4 ukiziunga sambamba ni omu 2, ukiziunga mfululizo ni omu 8. Amplifaya inatoa hizo 1000 kwenye omu ngapi? Na athi, ule waya wa hasi wa amplifaya, umefunga wapi?

Besi_Taratibu
Sambamba. Athi iko kwenye boliti ya kiti, ina rangi lakini imekaza.

Mzee_wa_Fyuzi
Rangi haipitishi umeme, bwana mdogo. Tafuta chuma cha bodi, kwangua mpaka king'ae, ndipo ukaze. Wala usikimbilie kufunga moja kwa moja kwenye kichwa hasi cha betri. Magari mengi mapya yana kihisi pale kinachopima umeme unaotoka, ukikiruka kompyuta inakosea hesabu za chaji. Na ukikutana na soketi ya njano chini ya kiti, toa mkono. Hizo ni za mifuko ya hewa na mikanda.

Kachero
Samahani naingilia. Huyu jamaa kwenye uzi wa kofia ngumu alisema hana gari, anatembelea pikipiki. Kwenye uzi wa injini za dizeli akasema anaendesha singo kebini. Leo ni dabo kebini. Na hebu niambieni, sabufa ya inchi 12 ya kawaida ina kina cha sentimita 15 au zaidi, bado sanduku. Inakaaje chini ya kiti cha nyuma cha pikapu? Hii ni hadithi, mnachotwa akili.

Mama_Pacha
Yaani nimeanika mambo ya mwanangu kwa mtu wa kutunga?

Mpita_Njia
Mimi nilishtuka kwenye "vuuuu". Mtu mwenye shida ya kweli haandiki vuuuu.

Chuma_Chakavu
Anaandikaje? Nifundishe, kesho nina shida.

FundiKimya
Hata kama gari ni la kutunga, mvumo huo si wa kutunga. Asiyewahi kuusikia hawezi kujua kwamba unakuja redio ikiwa imezimwa.

Kachero
Au alisoma mahali. Aweke picha.

Besi_Taratibu
Sijatunga kitu. Sabufa ni ile nyembamba, ina kina cha sentimita 8, zipo, tafuta. Singo kebini ni ya kazini. Pikipiki ni yangu. Hii dabo kebini ni ya shemeji, mume wa dada. Amesafiri, ameniachia niwe naiwasha betri isife. Anarudi Jumamosi. Na kabla hamjaanza: yeye mwenyewe aliilalamikia hiyo besi mezani, dada akiwepo. Namfanyia zawadi.

Chuma_Chakavu
Zawadi yenye tepu.

Mama_Pacha
Dada yako anajua?

Besi_Taratibu
Anajua nimelisafisha.

Mpita_Njia
Dhamana ya kiwanda imeisha?

Besi_Taratibu
Bado ipo. Lakini hawawezi kukataa kutengeneza injini kwa sababu ya sabufa.

FundiKimya
Injini sawa. Ila hitilafu yoyote ya umeme watakayoikuta pamoja na soketi iliyokatwa, wataanzia hapo hapo kubishana. Mpigie shemeji umwambie. Soketi mbadala inapatikana, waya zinaungwa kwa kuchomelea na kufunikwa vizuri. Sabufa ya zamani usiitupe.

Besi_Taratibu
Nikimpigia haitakuwa zawadi tena. Wewe nisaidie mvumo uishe, mengine nitayamaliza kifamilia. Kachero, picha hiyo hapo.

Kachero
Giza tupu. Hilo linaweza kuwa gari lolote duniani.

Mzee_wa_Fyuzi
Mimi nimeikuza. Kachero achana na gari, tazama kona ya kulia. Fyuzi iko nyuma, imegusana na amplifaya. Kijana, kafungue betri sasa hivi, usisubiri asubuhi.

Besi_Taratibu
Hapo ilikuwa ya muda.

Mzee_wa_Fyuzi
Na rafiki yangu alisema hivyo. Nenda.

Kachero
Kama ni kweli, shemeji wako yumo humu jukwaani? Maana kuna mtu aliwahi kulalamika hapa kuhusu besi ya pikapu yake.

Chuma_Chakavu
Jamani msimuue kwa presha.

Mpita_Njia
Hiyo sabufa ya zamani, kama shemeji hataitaka, ya kwangu imechanika. Tuwasiliane pembeni.

Besi_Taratibu
Usiniombee mabaya. Fundi, fyuzi nimeihamishia mbele, athi nimekwangua. Mikrofoni moja nimeipata juu ya dereva nikaichomoa, mvumo umepungua lakini haujaisha. Nyingine ziko wapi?

FundiKimya
Mara nyingi nyuma, juu ya vichwa vya abiria. Vuta kava la dari taratibu, anzia pembeni. Vile vibanio vikikatika utajikuta unatafuta dari zima.

Besi_Taratibu
Kimoja kimeshakatika.