Fundi kaunguza kisu cha marehemu baba kwa grainda, na bado anadai hela ya kazi!

Wakuu, salaam. Wakubwa shikamooni. Naandika nikiwa na hasira na sitaificha.

Kama uko Mbeya, Tukuyu, Mbozi, Makambako au Iringa na una kisu kizuri cha zamani cha kukunja, chenye mabapa mawili au matatu, na umeanza kufikiria kukipeleka mjini kikabadilishwe mpini, soma kwanza yaliyonipata. Jina la fundi sitaji wala banda lake, maana suala lake namalizana naye mwenyewe. Ila kazi aliyoifanya naieleza yote, na nina hakika si yeye peke yake anayefanya hivi.

Kisu chenyewe ni cha kampuni ya Case, kile kikubwa cha mabapa matatu ambacho Wamarekani walikitengeneza kwa ajili ya wachunga ng'ombe. Kikiwa kimekunjwa kina inchi nne na robo, karibu sentimita 11, kwa hiyo kinajaa kiganja. Kwenye shina la bapa kubwa, pale linapoungana na mpini, kuna muhuri wa CASE XX U.S.A. na chini yake nukta tisa. Wanaovijua visu hivi wameshaelewa: mwaka 1970 kiwanda kilianza kugonga nukta kumi, kisha kila mwaka kikapunguza moja, kwa hiyo nukta tisa maana yake kisu kilitoka 1971. Upande wa pili kuna namba 6375. Sita ni mpini wa mfupa, tatu ni idadi ya mabapa, 75 ni umbo lake. Kisu kimoja kinakueleza ukoo wake wote pale kwenye shina, bila karatasi.

Marehemu baba alikipata kwa mhandisi mmoja wa Kimarekani wakati inajengwa barabara kuu ya kwenda Zambia, ambayo vipande vyake vilijengwa kwa fedha za Marekani. Baba alikuwa kibarua, baadaye akawa msimamizi wa vibarua. Barabara ilipokwisha alirudi Rungwe na kisu mfukoni, akafuga, na hakukiacha mpaka anaingia kaburini. Kikaja kwangu. Sikukiweka kabatini kama picha. Mimi nahudumia mifugo ya watu huku vijijini na kisu hiki ndicho mkono wangu wa tatu.

Niwaeleze kwa nini mabapa matatu, maana fundi alishindwa kuelewa hata hilo. Bapa kubwa lina ncha kali, mgongo wake umekatwa kuelekea mbele. Hilo ni la kuchuna ngozi, kukata kamba, kumenya, kazi zote za kawaida. La pili makali yake yamenyooka kabisa na mgongo ndio ulioshuka mbele, kwa hiyo ncha ni butu. Unapunguza nalo kwato, au unakata kamba iliyomkaba mnyama shingoni, na hata akirusha kichwa humchomi. La tatu ni fupi, mbele limezungushwa. Hilo ni la kuhasi. Madume ya nguruwe na ndama wengi wa jirani zangu wamepita chini ya bapa lile, na ule mviringo wa mbele ndio unaokuzuia kutoboa mahali usipotaka. Wazee waliolichora walikuwa wanajua mnyama anavyoruka.

Chuma chake ni cha kaboni, si kile kisichoshika kutu. Tukuyu mvua ni karibu mwaka mzima, ukikiacha na unyevu usiku mmoja asubuhi kina madoa mekundu. Ndiyo maana baba alinifundisha kukifuta kila kazi ikiisha, kutia tone la mafuta ya cherehani kwenye viungo, na kukiacha kile cheusi-kijivu kinachojitokeza ukikata ndizi mbichi au parachichi. Ile rangi si uchafu. Ni utomvu na asidi ya matunda vimeshakila chuma juu juu, na ikishakaa inasaidia kuzuia kutu nyekundu. Kisu cha baba kilikuwa kimeshika rangi ya wingu la mvua, na ilichukua miaka mingi kufika pale. Kukinoa ni kwa kinoo na maji, taratibu, mkono mmoja.

Sasa tatizo lilianza kwa kitu kidogo. Mfupa wa upande mmoja wa mpini ulipasuka kwenye pini. Nikaona badala ya kuuziba kwa gundi nikibadilishe kisu kiwe changu pia: nitoe mfupa pande zote mbili, niweke pembe la ng'ombe wa kwetu, pini ziwe za brasi, na mifupa ya zamani nirudishiwe niitunze. Pembe nililiandaa mwenyewe, nikalikata, nikaliacha likauke vizuri muda mrefu, kwa sababu pembe bichi baadaye linajikunja na kuachana na chuma. Nikashuka Mbeya mjini, nikaulizia, nikaelekezwa kwa fundi anayesifiwa na wenye mabucha. Nikamwambia mbele ya watu wawili: mabapa usiyaguse, usinoe, usisugue, kazi yako ni mpini tu. Akajibu, "Nimekuelewa mzee, wala usijali."

Siku ya kukichukua akanikabidhi huku anatabasamu. Kinang'aa! Kila bapa limepigwa grainda mpaka unaona sura yako. Ile rangi ya miaka yote imeondoka. Muhuri umefutika, nukta tisa hazipo, namba 6375 imebaki kivuli cha sita. Na kwenye makali ya bapa kubwa, karibu na ncha, kuna mkanda wa bluu. Bapa la kuhasi lina bluu na zambarau kuanzia katikati mpaka mbele.

Anayejua chuma hapo ameshashika kichwa. Kwa wasiojua: kisu cha kaboni kinatiwa moto mkali kiwandani, kinazamishwa ghafla ili kiwe kigumu, halafu kinapashwa tena kwa joto la kiasi, nyuzi 200 hivi za Selsiasi, ili kisiwe rahisi kuvunjika. Ugumu wake unabaki pale pale maisha yake yote, alimradi usikipashe tena zaidi ya hapo. Chuma kinakusemesha kwa rangi. Kikianza kuwa njano ya majani makavu kiko kwenye nyuzi 220 na kitu. Kikifika bluu kimekaribia 300. Makali ni membamba, hayana pa kupeleka joto, jiwe linazunguka maelfu ya mara kwa dakika, kwa hiyo sekunde chache tu zinatosha. Bluu ikishatokea ugumu umeshaondoka, na kuipangusa kwa msasa hakuurudishi.

Nikamwambia. Akachukua kipande cha gazeti, akakikata, akasema, "Si unaona kinakata?" Gazeti! Hata bati ukilinoa linakata gazeti. Nilichofanya nikaomba tupa yake ndogo, nikaigusisha kwenye makali. Zamani tupa ilikuwa inateleza juu ya bapa lile bila kushika. Safari hii iling'ata na kutoa unga wa chuma pale pale mbele yake. Akanyamaza. Nilipofika nyumbani nikajaribu kwato moja, makali yakalala upande kabla sijamaliza.

Na bado sijafika kwenye lililoniuma zaidi. Mabapa matatu yanalala ndani ya mpini mmoja juu ya springi mbili. Ili yapishane bila kusuguana, kiwandani wanayapinda kidogo karibu na shina, kila moja upande wake. Ukikitazama kwa juu kikiwa kimefunguliwa unaona kama yameenda pembeni. Ndivyo yanavyotakiwa kuwa! Huyu bwana akaona "yamepinda", akayapasha moto wa gesi kwenye shina, akayabana kwenye jiriwa na kuyanyoosha kwa nyundo. Aliniambia mwenyewe kwa majivuno, kwamba amenifanyia na hilo bure. Sasa ukifunga bapa la kwato linakwaruza la kuhasi, yote mawili yanagongana na ukuta wa brasi ulio ndani ya mpini, na ule mlio wa "ta!" ambao kisu kizuri kinautoa kikifunguka haupo tena. Kinafunguka kimya na kinachezacheza.

Mifupa ya zamani niliyotaka nirudishiwe? "Tulitupa mzee, ilikuwa imechakaa." Na mpini aliouweka si pembe langu. Kaweka mbao, na mbao yenyewe mbichi, imeshaanza kuachia kwenye pini. Pembe langu anasema atalitafuta. Halafu ananyoosha mkono anadai elfu hamsini, hamsini kamili, kwa sababu "kazi ilikuwa kubwa".

Sijampa. Sitampa.

Sasa nyie wa "ni kisu tu, nunua kingine". Sokoni Mwanjelwa pale Mbeya visu vya kukunja vya bei ndogo vimejaa, navijua, ninacho kimoja cha kumenyea chungwa na sina ugomvi nacho. Hasi nacho nguruwe halafu uje tuongee. Na wale watakaosema mtu mzima kutembea na kisu kikubwa ni ujambazi, naomba mnieleze kwa nini mtu akipita barabarani na panga begani hakuna anayegeuka, ila mimi nikitoa kisu cha kukunja nimenye embe watu wanasogea pembeni. Kisu hiki hakina hata kufuli. Bapa linashikiliwa na springi tu, unalifungua kwa ukucha wa mkono mmoja huku mwingine umeshika mpini. Mhalifu gani anataka kitu hicho? Mimi nakibeba kwenye ala ya ngozi kiunoni kwa sababu mfukoni ni kizito, kinatoboa suruali. Nikiingia ofisini au benki namwachia mlinzi. Nikipanda ndege Songwe kinaingia kwenye mzigo wa chini, si kwenye begi la mkononi. Ni ustaarabu wa kawaida na hakuna aliyewahi kunisumbua.

Kinachonichoma kuliko pesa ni huu ugonjwa wa grainda kwa kila kitu. Mundu, grainda. Kisu cha mchinjaji, grainda. Mkasi wa mshonaji, grainda, na cheche zinaruka mpaka barabarani watu wanaona ndiyo ufundi. Hata kopo la maji la kuchovya chuma kipoe huwezi kuliona pale mezani. Hii ni nchi ya watu wa chuma! Ufipa kule bado yamesimama mabaki ya malungu, matanuru marefu ya udongo ambayo wazee waliyeyushia mawe ya chuma. Wakinga na Wapangwa wamefua majembe na mikuki kwenye milima ya Livingstone vizazi na vizazi. Wale wazee walikuwa wanasoma rangi ya moto kwa macho, gizani, bila kipimo cha aina yoyote. Leo wajukuu zao wanaunguza bapa mchana kweupe, rangi ya bluu iko mbele ya pua zao, wanakukabidhi na kucheka.

Na msiniambie fundi hakusoma. Sikumdai shule. Nilimwambia usiguse, akagusa. Fundi mwenye heshima akiona kitu hakijui anauliza mwenye nacho, au anasema hii kazi siiwezi, na mteja anamheshimu zaidi.

Ninachohitaji kutoka kwenu ni vitu hivi. Kama kuna anayemfahamu fundi anayefanya kazi kwa tupa na msasa wa mkono, iwe Iringa, Njombe, Songea, hata Sumbawanga, anielekeze. Kazi si ndogo: kisu kifunguliwe pini zote, kila bapa litolewe peke yake, lipashwe mpaka sumaku isilishike tena, lizamishwe kwenye mafuta, kisha lirudishwe kwenye joto la nyuzi 200 ndani ya oveni, na mwisho lipindwe shina kwa kiasi kile kile cha kiwandani. Nitamlipa anachotaka, mradi anieleze kwanza atafanyaje, na mimi nikiwa nimekaa hapo hapo.

Na kama una kisu cha aina hii kilichovunjika springi au bapa, hata kimeshika kutu, usikitupe kwenye vyuma chakavu. Nakihitaji kwa ajili ya mfupa wa mpini na bapa la kuhasi. Niandikie inbox, nitakifuata mwenyewe hata kama kiko Ludewa. Jumatatu nashuka Mbeya kudai pembe langu, na wale watu wawili waliokuwepo siku ile wameshakubali kuja na mimi.