Ajali ya Star Dust 1947: mnamtwisha kepteni lawama kwa lipi hasa?

Wakuu naomba tulijadili hili, maana kila ikitajwa ile ndege ya Star Dust hakosi mtu wa kusema "uzembe wa rubani" halafu anapita zake kana kwamba kesi imeisha, na mimi roho inaniuma kwa sababu marehemu hana mdomo wa kujitetea.

Kwa wasioijua: tarehe 2 Agosti 1947 ndege ya Waingereza, kampuni ya British South American Airways, ilitoka Buenos Aires, Argentina, kwenda Santiago, Chile, ikiwa na watu 11. Ilikuwa Lancastrian, yaani ile ile ndege ya vita ya kudondosha mabomu, Lancaster, imegeuzwa ya abiria. Saa 11:41 jioni ikatuma ujumbe wa redio kwa Morse (herufi zinazopigwa kwa milio mifupi na mirefu) kwamba inatua Santiago saa 11:45, na mwishoni likafuata neno STENDEC. Yule wa redio Santiago hakulielewa, akaomba arudiwe, akarudiwa vile vile. Basi, kimya. Miaka zaidi ya 50 hakuna hata msumari uliopatikana, mpaka 1998 wapanda milima wawili wa Argentina wakakutana na injini ya Rolls-Royce kwenye barafu ya mlima Tupungato, kwenye safu ya milima ya Andes inayotenganisha Argentina na Chile.

Mwaka 2000 msafara wa jeshi ukapanda kule juu. Walikuta panga boi zimepinda kwa namna inayoonyesha injini zilikuwa zinazunguka kawaida wakati wa kugonga, na tairi moja lilikuwa bado lina upepo wake, miaka 53 ndani ya barafu! Kwa hiyo ndege haikulipuka angani wala haikuharibika, ilikuwa nzima kabisa inashuka kwenda kutua, ila iliyokuwa mbele yake si Santiago, ni mlima.

Sasa kwa nini? Maelezo yenye nguvu zaidi ni ule upepo wa juu sana unaovuma kutoka magharibi, unaoweza kuzidi kilomita 160 kwa saa, na mwaka ule ndege za abiria chache mno zilikuwa zinafika huko juu kwa hiyo marubani wengi hawakuujua vizuri. Ni kama mtu anapiga kasia mkondo unamrudisha, usiku, nchi kavu haioni, anahesabu muda tu anasema nishavuka kumbe bado yuko katikati. Chini kulikuwa na mawingu matupu na dhoruba ya theluji. Hakuna GPS. Wakaamini Andes iko nyuma yao, wakaanza kushuka.

Kuna wanaosema Kepteni Reginald Cook hakuwa na uzoefu, ndo ilikuwa mara yake ya kwanza kuivuka Andes akiwa yeye ndiye kepteni. Sawa, silikatai hilo, na lina uzito. Lakini nani alimpanga kwenye safari ile, tena kipindi cha baridi kali kule? Hiyo hiyo kampuni Januari 1948 ikapoteza Star Tiger na watu 31, Januari 1949 Star Ariel na watu 20, zote juu ya Atlantiki na hazikuonekana tena, na mwaka huo huo ikamezwa na BOAC, shirika jingine la ndege la Waingereza. Ndege tatu ndani ya miezi 18, marubani tofauti. Bado tu mnaona tatizo ni Cook?

Halafu hii habari ya STENDEC mara majini mara watu wa sayari nyingine, jamani tuiache, kulikuwa na binadamu mle ndani na ndugu zao walisubiri nusu karne hawana hata mwili wa kuzika.

Wachunguzi wa Argentina wenyewe walimwondolea Cook lawama mwaka ule wa 2000. Anayepinga aje na hoja: wewe ungekaa kwenye kile kiti, saa mkononi inakwambia umeshavuka na chini ni mawingu meupe mpaka mwisho wa macho, ungejuaje kwamba bado uko upande wa Argentina?