Postikadi ya Beit al-Ajaib isiyo na tarehe: ni ya lini?

BintiMalindi
Shikamooni wakubwa. Nina postikadi ya Beit al-Ajaib, Unguja, mnara wa saa unaonekana vizuri. Stempu imebanduliwa. Upande wa anwani hauna mstari wa katikati, na salamu zimebanwa mbele, pembezoni mwa picha, kwa Kifaransa. Mwandishi hakuweka tarehe. Nianzie wapi?

MzeeWaStempu
Marahaba mwanangu. Anzia hapo hapo kwenye mstari. Zamani nyuma ya kadi ilikuwa ya anwani tu, ndiyo maana salamu zikahamia kwenye picha. Uingereza iliruhusu kuugawa upande huo kwa mstari, nusu salamu nusu anwani, mwaka 1902, Ujerumani 1905, Marekani Machi 1907. Umoja wa Posta Duniani ulikubali kwenye mkutano wa Roma wa 1906, na kanuni ikaanza kutumika Oktoba 1907.

Upande wa pili wa hesabu unao mnara. Ule wa zamani ulisimama mbele ya jumba, ukaharibiwa na mizinga ya Waingereza tarehe 27 Agosti 1896. Uliofuata uliunganishwa na jengo baadaye, kwenye ukarabati, nao ukaporomoka Desemba 2020. Kwa hiyo kama mnara wa kwenye kadi yako umeungana na jumba, picha haiwezi kuwa ya kabla ya ukarabati huo.

Ila usifunge hesabu kwenye 1907. Wenye maduka hawakutupa kadi za zamani. Waliziuza mpaka zikaisha.

KadiZaTanga
Stempu ingekuwepo ingesaidia sana. Unguja walitumia stempu za anna, sehemu ndogo ya rupia, mwaka 1908 zikaja stempu za senti. Huku kwetu chini ya Wajerumani ilikuwa pesa 64 kwa rupia (pesa ilikuwa sarafu ndogo ya wakati huo), halafu stempu za heller, sarafu iliyochukua nafasi yake, zikatoka 1905. Ikague ile kona ilikobanduliwa, wino wa muhuri huvuka ukingo wa stempu. Na tafadhali usiiloweshe!

BintiMalindi
Nimeishika mshazari dirishani. Kwenye kona kuna kipande cha duara chenye herufi NZI, mwaka hakuna.

MzeeWaStempu
Hiyo ni ZANZIBAR. Sasa tazama juu ya anwani. Miaka ile posta ya kupokelea nayo mara nyingi iligonga muhuri wake.

BintiMalindi
Upo, mzee! Umefifia, lakini LYON inasomeka, na tarakimu za mwisho ni 04.

MzeeWaStempu
Basi ni 1904. Meli za Messageries Maritimes, kampuni ya Kifaransa, zilikuwa zikipita Unguja kwenda Marseille, na kutoka hapo Lyon ni safari ya treni. Ukiweza, tuwekee picha ya pande zote mbili. Huo mwandiko nautaka kuuona.