Naomba ushauri: ngazi za zege za mlangoni zinameguka

Ndugu zangu, naomba ushauri kuhusu ngazi nne za zege zilizo mbele ya nyumba yetu hapa Tanga, pamoja na njia iendayo getini. Kingo za ngazi mbili za chini zimemeguka hadi nondo yenye kutu imejitokeza, na ukizigonga kwa nyundo unasikia mlio wa uwazi, ishara kwamba plasta imeachana na zege. Mwaka jana fundi alipaka saruji mpya juu ya ile ya zamani bila kuichonga wala kuilowesha, akaiacha ikaukie juani. Haikumaliza hata masika. Nashuku pia kwamba mchanga wake ulikuwa wa ufukweni, wenye chumvi.

Safari hii nakusudia kubomoa sehemu zilizolegea, kusugua nondo kwa brashi ya waya na, nikishaziba, kuimwagilia saruji mpya maji kwa siku 7. Je, inatosha kuziba kwa saruji moja kwa mchanga tatu, au nimwage zege upya? Na kwa kuwa mama yangu hutembelea mkongojo, umaliziaji upi hautateleza wakati wa mvua: niru (saruji laini ya kumalizia) iliyochorwa mistari, au vigae vya kukwaruza?