Naomba ushauri: nibaki na dawa ya TB au nihamie antijeni?
Wakuu habari, nasoma mastazi ya famakolojia nimekwama kwenye topiki. Mi napenda isoniazidi, ile dawa ya TB, maana ini la kila mtu linaivunja kwa spidi yake kutegemea kimeng'enya cha NAT2, wale wa taratibu dawa inajaa mwilini hadi miguu inaanza kufa ganzi, ndo maana watu wanapewa na vitamini B6. Sasa supavaiza anataka nifanye antijeni za ESAT-6 na CFP-10, yaani protini za bakteria wa TB ambazo kinga ya mwili inazitambua, na kweli ni tamu, chanjo ya TB ya BCG haina hizo kwahiyo kipimo cha TB kinachozitumia hakimchanganyi aliyechanjwa tu na mwenye vimelea. Ila somo la kinga nilifaulu kwa kudra za Mungu!! Mliopitia hii, nikomae na ini au nimfuate mzee? Andiko linatakiwa ijumaa