Tupeane uzoefu: mashine shopu wameharibu injini ya gari lako la zamani, ulifanyaje?

Wakuu habari za saa hizi. Nafufua Land Rover Series III ya mzee, petroli ile ya 2.25, na kilichonikwamisha si spea, ni mashine shopu, karakana ya kuchonga vyuma vya injini. Bloku nilipeleka ichongwe size twenti, yaani matundu ya pistoni yapanuliwe sehemu 20 za elfu za inchi (kama 0.51 mm), pistoni za twenti nikawakabidhi mkononi wapime kila pistoni na tundu lake. Kuirudisha nyumbani pistoni inacheza mpaka unaisikia kwa mkono. Nikamtafuta fundi mwenye boa geji, kile kipimo cha upana wa tundu, matundu mawili ya nyuma yamezidi. Standadi ni 90.47 mm, ukiongeza twenti inakuja kama 90.98, haya mawili yanasoma 91.1 na ushee. Nikawarudia, jibu: "funga tu, ikishatembea itajiseti." Bloku za hivi haziokotwi siku hizi jamani, inauma sana. Yaliyokukuta wewe yaliishaje, na gharama alibeba nani?

Mzee wa 504, Nairobi:
Pole sana ndugu yangu. Mimi Peugeot 504, wakaskimu uso wa bloku (kuuchonga uwe bapa) laina, zile silinda za kupachika, zikiwa ndani, ikatoka inang'aa vizuri sana na laina zote ziko level na bloku. Sasa kwa 504 hilo ndilo kosa lenyewe, laina zinatakiwa zichomoze juu ya bloku kidogo tu ndio zibane gasketi ya hedi. Niliwaonyesha kwa rula wakasema iko sawa, tukafunga, wiki haikuisha oili ikawa rangi ya chai ya maziwa. Dawa ilikuwa kuzitoa laina na kuziinua kwa gasketi nene za chini. Kazi ya kufungua walifanya bure, gasketi ya hedi na oili nikalipa mimi, na mpaka leo naona hawakunitendea haki.

Datsun SSS:
Yangu ni 1600 SSS, ukoo wa ile iliyobeba Safari Rally 1970, kwa hiyo msishangae navyoililia. Hedi ya aluminiamu ilipinda baada ya kuchemsha, wakaskimu chini tu, chini pakanyooka lakini juu kamshafti, shafti inayofungua vavu, inapolala bado pamepinda vile vile, ukikaza boliti kamshafti haizunguki kwa mkono. Na walishafungua tawa za kamshafti, vile vishikio vyake, wakazimwaga kwenye ndoo moja! Zile kiwandani zilichongwa pamoja na kila moja ina mahali pake. Kilichoniokoa nilizipiga alama kwa panchi kabla ya kupeleka. Fundi mwingine, mzee wa Gerezani, Dar, akaifunga hedi kwenye bamba nene la chuma, akaipasha moto taratibu mpaka ikanyooka, ndipo akagusa uso kidogo sana. Ukiskimu nyingi kwenye injini hizi cheni inalegea na taimingi inachelewa, muulize kabisa anataka kutoa kiasi gani kabla hajawasha mashine.

Kaka Moro:
Krenki ya Land Cruiser FJ40, injini 2F. Saizi walichonga sawa, ukipima kwa maikromita huna la kusema. Tatizo pembeni ya jono, ile sehemu ya krenki inayozunguka kwenye metali (beringi), pale panatakiwa pawe na mviringo mdogo, wao wakaacha kona kavu. Krenki ikakatika nikiwa na familia ndani ya gari, ukiangalia ufa umeanzia hapo hapo kwenye kona. Wakakana kila kitu maana sikuwa na karatasi inayoonyesha walifanya nini. Tangu hapo naandikisha saizi ya kila jono, wanasaini, na nusu ya hela inabaki mfukoni mwangu mpaka fundi wangu apime.

Dada Spana:
Naongezea hapo kwa Kaka Moro, hata krenki ikichongwa vizuri wafungue plagi za njia za oili wasafishe ndani. Ya kwangu ilibaki na ungaunga wa chuma, metali mpya zikachanika ndani ya siku chache. Mwenye uzi, usifunge hiyo bloku! Thati, size inayofuata baada ya twenti, ni kama 91.23, na yako inasoma 91.1 na ushee, nyama ya kuchonga ipo. Wachonge matundu yote manne kwenda thati, pistoni za thati walipe wao. Wakikataa, waweke slivu, bomba jipya la chuma ndani ya tundu, kwenye hayo mawili na wayarudishe twenti, pistoni ulizonazo zitatumika.

Mwenye uzi:
Asanteni sana wakuu, na Dada Spana hesabu yako imenipa nguvu ya kuongea. Nimerudi leo na fundi wa boa geji, tukapima mbele ya mwenye karakana mwenyewe, na tundu likasoma vile vile. Amekubali kuchonga bure, gharama ya pistoni tumegawana nusu kwa nusu. Kesho zinaingia thati, nasimama hapo hapo pembeni ya mashine.